Matingatinga 18 kwa Kikwembe Kimoja

Tingatinga moja lina heshima yake. Likisimama ukingoni mwa mgodi wa wazi, vumbi jekundu limelifunika hadi kwenye vioo, hakuna anayelicheka. Lichore kwenye kompyuta, lipake rangi ya shaba, liweke katikati ya skrini nyeupe, na bado linatisha kidogo. Sasa toa amri ya kurudia, lijaze piesi nzima ya yadi 6, kisha mkabidhi fundi ashone gauni la harusi. Heshima imekwisha. Mvaaji anatembea na karakana nzima: mashine mbili zinapanda begani, moja imelala kifudifudi chini ya kwapa, na sepetu la nyingine linachota mahali ambapo mtu mwenye adabu hapaelekezi hata kidole.

Nawatetea vijana wa mitindo wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanaotaka kuchora vikwembe vyao wenyewe. Ukanda huu wa shaba wa Kongo umevaa michoro ya Helmond, Uholanzi, na Guangzhou, China, kwa muda mrefu mno, na programu za kuchorea, nyingine za bure kabisa kama Inkscape na Krita, zimeondoa kisingizio cha umaskini wa vifaa. Ninachowapinga ni kwamba wengi wanachora picha, ilhali kitambaa hakichapwi picha. Kinachapwa mrudio wa picha, na mrudio una tabia zake, tabia mbaya, ambazo skrini haizionyeshi mpaka pesa ziwe zimeshalipwa. Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alidai kwamba tunacheka tunapoona mwenendo wa mashine umebandikwa juu ya kiumbe hai. Hakuwa anafikiria nguo za akina mama wa mtaa wa Manika hapa Kolwezi, lakini sijui maelezo bora kuliko hayo ya kinachotokea mchoro mmoja unapomzunguka binadamu mwenye makalio, tumbo na haraka ya kuwahi misa.

Tupige hesabu. Piesi ya yadi 6 ina urefu wa karibu mita 5 na nusu, na upana wa kama sentimita 120. Mchoro wenye kipande cha msingi cha sentimita 60 kwa 60 unaingia mara 2 kwa upana na mara 9 kwa urefu, yaani nakala 18. Huku kwetu kikwembe hakitoki nyumbani peke yake: harusi ina sare, kilio kina sare, jubilei ya padri ina sare, na Machi 8, Siku ya Wanawake, ina sare kuliko jeshi. Akina mama 30 wakisimama pamoja, nakala zimefika 540 uwanjani kwa wakati mmoja. Mchoraji aliyesahau mguu mmoja wa ndege hakusahau mguu mmoja. Amewalemaza ndege 540, na wote wanacheza muziki.

Historia ya kitambaa chenyewe inashuhudia upande wangu, tena kwa kutumia madini yetu. Katika karne ya 19 Waholanzi walitamani kuiga batiki ya Java kwa mashine. Prévinaire wa Haarlem akapata njia ya kuchapa utomvu pande zote mbili za kitambaa, na kampuni iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846 na Pieter Fentener van Vlissingen, ambayo leo tunaiita Vlisco, ikaja kuwa na jina kubwa kuliko wote. Mchoro ulichongwa kwenye rola za shaba. Ndiyo, shaba; mtu wa Kolwezi anaruhusiwa kukaa vizuri kwenye kiti hapo. Rola zilipaka utomvu juu ya pamba, pamba ikatumbukizwa kwenye nili, utomvu ukapasuka, na rangi ikapenya kwenye nyufa. Nyufa hizo zilikuwa dosari. Wateja wa Java, waliozoea batiki safi ya mkono, hawakuzitaka. Afrika Magharibi ilizipenda, na leo mshipa mwembamba wa buluu unaokatiza ua jekundu ndio unaomwambia mnunuzi kwamba ameshika waksi ya kweli.

Hapa mpinzani wangu wa kwanza anasimama, na ana hoja nzuri: kama dosari ya Waholanzi iligeuka uzuri, kwa nini dosari ya kijana wa mtaa wa Dilala mwenye kompyuta isigeuke uzuri pia? Kwa sababu ufa wa utomvu ulizaliwa mara moja na haukurudi. Kila yadi ilipasuka kivyake, kwa hiyo hapakuwa na wanawake wawili duniani waliovaa kosa moja. Kosa la utomvu lilikuwa sahaulifu; kosa la kompyuta lina kumbukumbu kuliko mkopeshaji. Kichekesho kikubwa ni kwamba vitambaa vingi vya kuiga waksi huchorewa hata nyufa zenyewe, kwa uangalifu wa hali ya juu, na kisha nyufa hizo zinarudia. Mama wa soko anayeijua kazi yake anatafuta ufa mmoja wenye umbo la ajabu, anasogeza mkono juu ya kitambaa, na akikutana nao tena, na mpindo wake ule ule na ncha yake ile ile, bei inashuka papo hapo. Anageuza na upande wa nyuma kuona kama rangi imefika huko. Muuzaji anaanza kuzungumzia mvua.

Chukua basi mali yetu wenyewe tuone mrudio unaifanyia nini. Malakiti ni jiwe ambalo Mungu alilichora akiwa na nafasi: mistari ya kijani inayozungukana, mwanga na giza, bila pembe hata moja. Kila mchoraji wa ukanda huu analifikia mapema, na ni haki yake. Analipiga picha, anaiingiza kwenye programu, anagundua kwamba kingo za kulia na kushoto hazikutani. Dawa ya haraka ni kuigeuza picha kama kwenye kioo na kuziunganisha mbili. Kingo zinakutana vizuri ajabu. Lakini duara la kijani lililokuwa upande mmoja sasa limepata pacha kwa upande wa pili, katikati kumetokea kitu kama mdomo, na jicho la binadamu, ambalo huona uso hata kwenye ukuta uliopakwa vibaya, linaona bundi. Bundi mkubwa. Bundi 18 kwa piesi. Sasa nenda kamwuzie mama mkwe wa mtu gauni la bundi 18 mahali ambapo bundi mmoja tu, akilia juu ya bati usiku, anatosha kuitisha kikao cha ukoo. Mchoraji ataapa kwamba ni jiolojia. Hakuna atakayemsikiliza.

Mgodi wa wazi nao ni mtego. Shimo la KOV, kifupi cha Kamoto Oliveira Virgule, likitazamwa kutoka juu ni mchoro tayari: ngazi juu ya ngazi, duara ndani ya duara, rangi za chungwa, kijivu na waridi ambazo hakuna anayethubutu kuzichanganya nyumbani. Kwenye skrini ni kazi ya msanii. Kwenye mwili, duara lenye kina linadai katikati, na mwili wa binadamu una mahali pachache pa katikati, pote pa siri. Sitaendelea. Fundi akisogeza kitambaa sentimita 10 kulia, mgodi umehama kutoka tumboni kwenda nyonga na mambo yanatulia. Asipokisogeza, wageni watakula wali wakiangalia sahani tu.

Halafu kuna misalaba ya shaba, zile fedha za kale ambazo makaburi ya Sanga katika bonde la Upemba yamezihifadhi, zilizotumika karne nyingi kabla kampuni ya migodi ya Union Minière haijazaliwa mwaka 1906. Hakuna alama iliyo yetu zaidi ya hiyo. Ila mrudio una hesabu zake za kisiasa. Julai 1960 Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga kwa Katanga, bendera yake ilikuwa na nyekundu, nyeupe, kijani na misalaba mitatu ya shaba. Kujitenga kulikwisha Januari 1963, lakini bendera hiyo bado inatambulika na wengi. Kijana asiye na nia yoyote mbaya, anayetaka tu rangi zipatane, anapanga misalaba yake mitatu mitatu juu ya nyekundu na kijani, na sherehe ya kipaimara inafanana na mkutano wa hadhara. Akiogopa, anaibadilisha yote kuwa midogo, mingi, myekundu juu ya nyeupe. Msalaba mmoja ni historia. Mitatu ni siasa. Mia mbili, myekundu juu ya nyeupe, ni ambulensi.

Nyuso ndizo mkasa mkongwe kuliko yote, na hapo kompyuta haina hatia ya kuanzisha, ina hatia ya kurahisisha. Zaire ilivaa uso wa Mobutu. Ziara za Papa Yohane Paulo II za mwaka 1980 na 1985 zilivaliwa, na ile ya Papa Francis huko Kinshasa mwanzoni mwa 2023 ilivaliwa pia. Tangu hapo fundi ndiye aliyebeba mzigo wa itifaki: uso ukae kifuani au mgongoni, usikatwe na mshono wa bega, usiende chini ya mkanda, na juu ya yote usikaliwe. Fundi mzuri aliweza, kwa sababu uso ulikuwa mkubwa, umewekwa ndani ya duara, na kulikuwa na nafasi tupu ya kutosha kati ya uso na uso. Mchoraji wa leo anaona nafasi tupu kwenye skrini na anadhani ni uvivu. Anaijaza. Anaongeza uso mdogo kati ya nyuso kubwa, kisha mwingine, na fundi hana tena pa kukata bila kumkata mheshimiwa. Mvaaji anaalikwa kuketi mstari wa mbele. Anasimama sherehe nzima, kwa uzalendo.

Maneno yanafuata njia hiyo hiyo, na hapa pwani ilitupita akili. Kanga haina mrudio: ni mstatili mmoja wenye pindo, mji na jina, na jina limekaa mahali pake, mara moja tu, chini ya mji. Tangu kina Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, wa Mali ya Abdulla, wauze kanga zenye maneno, anayevaa ndiye anayeamua fumbo lake litamwangukia nani. Kikwembe hakina mahali. Maneno yanamwagwa juu yake kila sentimita 60, na mkasi, mshono na rinda vinagawana. Tuseme kikundi kimechagua kwa Machi 8 maneno haya: MWANAMKE SI MZIGO. Maneno mazuri, yanafaa, yanaenea upana wa kiuno. Fundi anaweka marinda, kwa sababu sketi bila marinda ni gunia, na rinda moja linaangukia juu ya neno la katikati. Akina mama 30 wanaandamana mjini kwa furaha, vifua mbele, wakitangaza MWANAMKE MZIGO. Wanaume waliosimama kando ya barabara wanapiga makofi kuliko mwaka uliopita.

Watakuwapo watakaosema kwamba ninawasingizia wachoraji, na kwamba lawama iende kwa vifaa. Picha inatumwa kwa WhatsApp, inabanwa hadi upande wake mrefu unabaki na takriban pikseli 1600. Ukiitandaza juu ya sentimita 120 za kitambaa unapata nukta 34 hivi kwa kila inchi, wakati uchapaji wa heshima unataka 150 au zaidi. Jani linakuwa ngazi. Hilo ni kweli. Na ni kweli kwamba skrini inatoa mwanga na kitambaa hakitoi, kwa hiyo shaba inayong'aa kwenye simu inatoka kiwandani ikiwa na rangi ya siagi ya karanga. Hakuna wino wa kawaida unaochapa mng'ao wa metali, na mahali pa kulia kwa sababu hiyo ni huku, ambako malori ya katodi halisi za shaba yanapita mlangoni. Umeme nao una lake la kusema. Laini ya kutoka bwawa la Inga, kama kilomita 1,700, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, inaishia Kolwezi hapa hapa baada ya kuvuka karibu nchi nzima, na bado mtaani faili isiyohifadhiwa inazimika na taa. Umeme ulikuja kwa ajili ya migodi. Michoro ya maua haikuwa kwenye mpango.

Lakini tengeneza yote hayo. Mpe kijana faili safi, betri ya jua, na mashine ya kuchapa ya gharama. Bundi watatoka bundi wa ubora wa juu, kila unyoya unaonekana. MWANAMKE MZIGO itasomeka kutoka mbali zaidi. Vifaa vinaamua kosa litaonekana vizuri kiasi gani; mrudio unaamua kama lipo.

Pingamizi zito zaidi ni la yule anayeniuliza: mbona vyombo vya kawaida vimechorwa kwenye waksi tangu zamani, na hakuna aliyecheka? Mbona feni? Anasema kweli. Feni ni mmoja wa michoro inayojulikana ya Vlisco, na akina mama wameivaa kwa fahari. Basi itazame feni kwa jicho la fundi. Haina juu wala chini. Igeuze, ikate nusu, ilaze ubavu: bado ni feni, pengine inazunguka. Nusu ya feni iliyokatwa na mshono inasomeka kama ua, na ua halijamwaibisha mtu. Aliyeichagua alijua kwamba kitambaa kitapinduliwa. Tingatinga lina juu, lina chini, lina mbele na nyuma, na lina sepetu. Kama mtu anataka mgodi kwenye kikwembe, vipo vitu vya mgodini vinavyovumilia mrudio: gurudumu, mnyororo wa tingatinga, mkanda wa kubebea mawe, kofia ngumu inayotazamwa kutoka juu, katodi za mraba zilizopangwa. Desemba 4, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji, ingestahili kitambaa cha magurudumu. Hakuna mtu atakayelihurumia tairi lililolala kichwa chini.

Kuna pia wanaoweka matumaini kwenye programu zinazovisha nguo mwanasesere wa ndani ya kompyuta, kama CLO, ili kosa lionekane kabla ya kuchapwa. Ni chombo kizuri, na mwenye uwezo akitumie. Ila mwanasesere huyo, ukimwacha kama alivyokuja, ni mwembamba, amesimama, na hana mtoto mgongoni. Hajawahi kupanda pikipiki kwa upande. Hajafunga kikwembe cha pili juu ya cha kwanza, wala kukifungua sokoni ili kufunga noti ndani ya pindo. Na hajui jambo ambalo wachuuzi wote wanalijua, kwamba kitambaa hakiuzwi kikiwa kimetandazwa. Kinakaa kwenye rundo kikiwa kimekunjwa, na mteja anayepita anaona ukanda wa upana wa kiganja kimoja au viwili. Mchoro wako mzima wa skrini unahukumiwa kwa ukanda huo. Kama mkunjo umeangukia magurudumu ya nyuma, unauza magurudumu ya nyuma.

Zamani kazi hii ya kukagua ilikuwa na wenyewe. UtexAfrica ya Kinshasa, Sotexki ya Kisangani, Filtisaf ya Kalemie: kiwanda hakiwezi kuzungusha rola kwa siku nzima bila watu wa kuukagua mchoro kwanza, maana kuchonga rola ni ghali, na ughali una macho mengi. Filtisaf ilifungwa, na eneo la UtexAfrica sasa linajulikana zaidi kwa nyumba na ofisi za kupangisha. Vitambaa vingi tunavyovaa vinavuka bahari, vinashuka Dar es Salaam, vinapita Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Faili inakwenda upande ule kwa sekunde chache, bila gharama na bila mtu wa kusema subiri. Kitambaa kinarudi baada ya miezi, kimejaza makontena, na makosa yamelipiwa ushuru.

Kujaribu hakudai kiwanda. Maduka ya kuchapa mabango yapo mjini, na karatasi ni rahisi kuliko pamba. Mchoro uchapwe kwa ukubwa wake halisi, karatasi ziungwe kwa utepe wa gundi, azungushiwe shangazi asiyeogopa kusema ukweli, kisha aombwe kuketi, kuinuka, kuinama kuokota kitu na kutembea hadi mlangoni. Picha zipigwe kutoka nyuma. Fundi aitwe na mkasi wake, akate ovyo kama atakavyokata siku ya kweli. Karatasi ikunjwe na kuwekwa katikati ya rundo la vikwembe vingine, na mtu apite haraka. Ni kazi ya mchana mmoja, na shangazi atataka soda.

Wapo watakaopitia yote hayo na bado kushikilia kwamba matingatinga yao lazima yabaki, na yote yasimame wima. Inawezekana. Fundi ataeleza masharti bila kupandisha sauti: mchoro wenye juu na chini hauruhusu vipande kupangwa kichwa kwa miguu wakati wa kukata, kwa hiyo libaya, sketi na kikwembe cha kufunga ambavyo vingetoka vizuri kwenye yadi 6 vitadai yadi moja na nusu ya nyongeza, labda mbili kama mteja ana mwili wake. Mteja akiuliza nyongeza hiyo inakwenda wapi, ajibiwe kwamba ni ili mashine zisilale.